Andrea Kaggwa: Utumishi wa Kijeshi na Uhuru wa Imani katika Buganda ya Karne ya 19

Mapema mwaka 1885 Askofu James Hannington alifika Moshi, katika mitelemko ya Kilimanjaro, kumzuru Mangi Rindi na kuiandalia njia misheni. Huko mgeni wa dini alipokewa. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyewahofu Wazungu watokao upande wa mashariki. Katika hofu hiyo ndimo yalimokatizwa maisha ya Andrea Kaggwa.

Kaggwa alizaliwa Bunyoro, akatekwa utotoni na wavamizi wa Buganda na kulelewa katika jumba la Kabaka Muteesa I. Alijifunza ngoma za Kizungu zilizosindikiza askari wenye bunduki, akapanda cheo hadi kuwa mkuu wa wapigaji wake. Mwaka 1882 alibatizwa na Mapadre Weupe. Walipoondoka mwishoni mwa mwaka huo, aliendelea kuwafundisha watu dini nyumbani kwake.

Ikumbukwe kwamba imani ilikwisha kugharimu maisha ya watu kabla ya hapo. Mwaka 1876 Muteesa aliwaua Waislamu waliokataa kula nyama ya machinjo yake na kuswali nyuma ya mtawala asiyetahiriwa. Kosa lao, kama la Wakristo baadaye, lilikuwa kukiri mamlaka iliyo juu ya Kabaka.

Kaggwa hakuasi wala hakuacha zamu yake. Mwanga mwenyewe alimpenda. Hata hivyo, Katikiro Mukasa, ambaye watoto wake walifundishwa dini na Kaggwa, alishikilia kwamba auawe. Kabaka alisitasita, kisha akakubali. Tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Kaggwa alikatwa mkono, ukapelekwa kwa Katikiro uwe ushahidi, kisha akakatwa kichwa. Siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, wengine walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana.

Mauaji hayo hayakurejesha utii uliotafutwa. Mwaka 1888 vikosi vya Wakristo na Waislamu vilimpindua Mwanga, kisha vikageuziana bunduki. Na mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo. Imani iliyokandamizwa katika utumishi wa Kabaka ilikuwa sasa imejipatia majeshi yake yenyewe. Kaggwa, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1964, alikufa bila kuinua silaha.