Mwenda Pole Alipojikwaa

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Kwa miaka mingi niliishika methali hii bila kuihoji, hadi usiku mmoja nilipoendesha gari kutoka Mombasa hadi Nairobi, nikapishana na malori kwa uangalifu mkubwa, kisha nikagonga nguzo ya lango langu mwenyewe. Nilikuwa nikienda polepole mno. Aibu ile ndiyo iliyonirudisha kwenye maisha ya Ayrton Senna wa Brazil.

Senna alizaliwa São Paulo mwaka wa 1960. Aghalabu akitajwa, watu husifu kasi yake tu. Mimi naona kwamba anayetaka kumjua sharti amtazame Monaco, katika mashindano ya langalanga, magari yale ya kiti kimoja yenye magurudumu yaliyo wazi. Huko hakuna uwanja maalumu. Barabara zile zile wanazopitia wenyeji kila siku hufungwa na kuzungushiwa vyuma, na mashindano yakiisha vyuma hung'olewa. Njia ni nyembamba, na kosa la shubiri moja humpeleka dereva ukutani.

Mnamo 1984, akiwa bado mgeni, Senna alianza katika nafasi ya 13 kwenye mvua kubwa. Mbio ziliposimamishwa alikuwa wa pili, akimkaribia Alain Prost aliyeongoza. Mwaka wa 1988 alirudi na gari bora la McLaren, Prost akiwa sasa mwenzake wa timu. Katika majaribio ya kupanga nafasi alimshinda mwenzake kwa zaidi ya sekunde 1.4, pengo la ajabu katika mchezo huo. Siku ya mashindano aliongoza tangu mwanzo, akamwacha Prost kwa takriban sekunde 50. Timu ikamwagiza apunguze mwendo, kwani ushindi ulikuwa mikononi. Akatii. Katika duru ya 67 kati ya 78, akagonga chuma kwenye kona ya Portier. Hapakuwa na aliyemsukuma. Alitembea hadi nyumbani kwake, hapo karibu, akajifungia, na timu haikumwona tena hadi usiku.

Je, methali ilisema uongo? La hasha! Sisi ndio tulioielewa vibaya. Pole ya wahenga si ya magurudumu, bali ni ya akili iliyotulia juu ya kazi iliyo mbele yake. Senna alipunguza mwendo, na pamoja na mwendo akapunguza umakini.

Somo hilo alilishika. Alishinda Monaco kila mwaka kuanzia 1989 hadi 1993. Ukiongeza ushindi wa 1987, ni mara sita, rekodi ambayo haijavunjwa. Mnamo 1992 alimzuia Nigel Mansell, aliyekuwa na gari lenye kasi zaidi na magurudumu mapya, hadi mwisho bila kumwachia upenyo.

Alifariki tarehe 1 Mei 1994 katika mashindano ya Imola, Italia, akiwa na umri wa miaka 34, naye akiongoza. Sithubutu kukifanya kifo hicho kuwa funzo la uzembe. Lakini vijana wetu wanaodhani kumwiga Senna ni kukanyaga mafuta, nawasihi waanzie kwenye kona ile ya Portier. Barabara zetu nazo zina kuta, tena zina watoto na wachuuzi, na hazifungwi kwa ajili ya dereva yeyote.