Mies van der Rohe na mjengo wa vioo uliompeleka mahakamani

Wadau, kwa wale wasiomjua, Ludwig Mies van der Rohe alizaliwa Ujerumani mwaka 1886, mtoto wa fundi mawe. Mwaka 1938 akahamia Chicago. Huko Dk. Edith Farnsworth akamwomba amjengee nyumba ya mapumziko kando ya mto Fox. Jamaa akashusha mjengo wa vioo pande zote! Ulikamilika 1951 kwa zaidi ya dola 70,000, wakaishia mahakamani kisa gharama. Mama wa watu alilalamika hana faragha (hata mimi ningelalamika), akauuza 1972. Mwaka 2003 wahifadhi majengo, wakihofia tajiri asije akaung'oa na kuuhamisha, waliununua mnadani kwa dola milioni 7.5. Mies hakuuona mkwanja huo, alishafariki 1969.