Oswald Avery na herufi tatu za kwenye fomu ya maabara

Mgonjwa ana homa kali, kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Daktari anaandika CRP kwenye fomu ya maabara. Kipimo hicho kilianzia kwenye maabara ya Oswald Avery, na leo tunamweleza ninyi wasikilizaji wetu.

Avery alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1877, mtoto wa mchungaji. Familia ilihamia New York angali mdogo. Alihitimu udaktari mwaka 1904, na mwaka 1913 akaingia hospitali ya Taasisi ya Rockefeller kuchunguza nimonia. Wakati huo antibayotiki hazikuwepo, na nimonia iliua watu wengi mno.

Mwaka 1930, vijana wawili wa maabara yake, William Tillett na Thomas Francis, walichanganya majimaji ya damu ya wagonjwa na kipande cha bakteria wa nimonia walichokiita C. Majimaji yakafanya ukungu. Mgonjwa alipopona, damu yake haikufanya tena hivyo. Ajabu ni kwamba hata wagonjwa wa bakteria wengine walionyesha ukungu uleule. Mwaka 1941 Avery na wenzake walionyesha kuwa kinacholeta ukungu huo ni protini. Ndiyo CRP.

Sasa tunajua hutengenezwa na ini na hupanda ndani ya saa chache. Mtu mzima wa afya kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Bakteria wakiingia kwenye damu mara nyingi huvuka 100. Lakini jeraha au virusi pia huipandisha, na mgonjwa akipimwa mapema mno inaweza kuwa bado chini. Kumjua bakteria mwenyewe kunahitaji kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa. Kwa hiyo daktari humwangalia mgonjwa kwanza, na akiona hali ni mbaya huanza dawa bila kungoja.

Avery anajulikana zaidi kwa kazi ya mwaka 1944, alipoonyesha na wenzake wawili kwamba DNA ndiyo hubeba urithi. Nobel hakupewa, na kwetu sisi hiyo ilikuwa dhuluma. Hakuoa. Alistaafu mwaka 1948, akahamia Nashville karibu na mdogo wake Roy, naye mtaalamu wa bakteria, akafariki huko mwaka 1955.