Miko Rwayitare, mfanyabiashara aliyeleta simu ya mkononi Zaire

Leo mama muuza ndagala wa Kalundu, mjini Uvira, anaweza kujua bei ya Bukavu kabla gari halijapakia, na kulipwa kwa simu hiyohiyo. Katika Kongo, safari ya chombo hicho ilianza na Miko Rwayitare.

Alizaliwa Rwanda mwaka wa 1942, akasomea uhandisi Ujerumani, kisha akafanya biashara Kinshasa. Mwaka wa 1986, yeye na Mmarekani Joseph Gatt walianzisha kampuni ya Telecel. Miaka hiyohiyo, huko California, mtaalamu Mark Weiser wa Xerox alikuwa akifikiria kompyuta zitakazokuwa kila mahali bila mtu kuzitambua. Zaire hata simu ya waya ilikuwa shida. Mtandao wa serikali ulikuwa umechakaa, na mfanyabiashara aliyetaka kusema na mwenzake wa mji mwingine alituma mtu ao alitafuta foni.

Wengine waliona nchi maskini isiyo na wateja. Rwayitare aliona kwamba pale waya zilipokufa, ndipo dakika moja ya maongezi inakuwa na bei. Simu zake zilikuwa nzito na ziligharimu maelfu ya dola. Hata hivyo mawaziri, wakubwa wa jeshi na wafanyabiashara wa almasi walizinunua, kwa sababu safari moja ya ndege kwenda kuuliza habari iligharimu pia, na siku zilipotea.

Mwananchi wa kawaida alibaki nje. Huo ndio upungufu wa kazi yake, na haufichiki. Telecel ilienea katika nchi nyingine za Afrika, Burundi ikiwemo, lakini walioshusha simu hadi sokoni ni makampuni yaliyofuata, yenye kadi za bei ndogo na akina mama waliouza maongezi chini ya miavuli.

Mwaka wa 2000 sehemu kubwa ya Telecel iliuzwa kwa Orascom ya Misri. Rwayitare alikwenda Afrika Kusini, akanunua shamba la mizabibu la Mont Rochelle mwaka wa 2001. Alifariki Brussels mnamo Septemba 2007, miezi sita baada ya M-Pesa kuanza Kenya. Ilifika Kongo mwaka wa 2012.