Hukwe Zawose: Aliyeikutanisha ilimba na gitaa la umeme bila kuvua njuga

Ukikulia Morotonga huhitaji kuelezewa litungu. Ila vijana wa muziki wana swali lao: ukiichanganya na biti za kisasa, unaiokoa au unaiua?

Mzee mmoja wa Dodoma alishalijibu kwa vitendo.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma. Muziki alifundishwa na baba yake. Alipiga zeze pia, lakini kilichomtoa zaidi ni ilimba, kile chombo cha Wagogo chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Za kwake alizitengeneza kubwa, zenye vyuma vingi kuliko kawaida. Na sauti yake? Ilipanda na kushuka mpaka unadhani wanaimba watu wawili.

Mwalimu Nyerere aliukubali muziki wake, akamwita Dar es Salaam. Baadaye Zawose akaweka makazi Bagamoyo, akafundisha Chuo cha Sanaa na kuikuza familia nzima ya wanamuziki.

Mwaka 1996 lebo ya Real World ya Uingereza, iliyoanzishwa na Peter Gabriel, ilitoa albamu yake ya Chibite. Hiyo bado ilikuwa Kigogo kitupu. Mchanganyiko wenyewe ulikuja 2002 kwenye Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Humo kuna gitaa la umeme na mashine za studio. Kiukweli, kuna sehemu mashine zinazidi kidogo. Lakini ilimba haikuwekwa pale kama pambo. Mara nyingi ndiyo inayoongoza, vingine vinafuata.

Mwaka huohuo alifungua matamasha ya Gabriel huko Marekani, akiwa na mpwa wake Charles. Mavazi ya Kigogo, shanga, njuga miguuni, mbele ya watu waliokuja kusikiliza roki. Vazi kama lile ugenini linaweza kukugeuza kichekesho. Kwake halikuwa la watalii tu, maana njuga nazo ni ala: mguu ukigonga, mdundo unatoka.

Zawose alifariki Bagamoyo Desemba 30, 2003. Huku nyumbani redio zilimpiga kwa nadra, wakati Ulaya walishamfahamu.

Enzi zake ala hizo zilikuwa za wanaume. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha kupitia lebo ileile ya Real World. Safari hii ilimba na zeze wanapiga wenyewe.