John Walter Gregory na Siri ya Bonde la Ufa

Msafiri atokaye Loresho akafuata njia ya magharibi kupitia Kikuyu na Limuru hufika mahali ambapo nchi hukatika ghafla, na Bonde la Ufa likatandazika chini yake. Mtu aliyelieneza jina la bonde hilo duniani alipita pande hizo kwa miguu mwaka 1893, akapumzika katika ngome ya Fort Smith huko Kabete, si mbali na Loresho ya leo. Huyo ni John Walter Gregory.

Alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mwana wa mfanyabiashara wa sufu. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akawa karani katika biashara hiyo hiyo. Elimu ya miamba aliipata kwa masomo ya jioni. Mwaka 1892 alijiunga na msafara mkubwa ulioelekea nchi ya Wasomali, nao ukasambaratika. Badala ya kurejea kwao, Gregory alikwenda Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40, na Machi 1893 akashika njia ya Baringo na Mlima Kenya. Barafu za mlima huo zilikuja kupewa majina ya Wazungu. Hakuna hata moja iliyopewa jina la mpagazi.

Wakati huo Eduard Suess wa Vienna, ambaye hakuwa amekanyaga Afrika Mashariki, alikuwa amekwisha kudai kwamba bonde lilitokana na kupasuka kwa ardhi. Dai lilihitaji shahidi. Katika magenge ya Baringo Gregory aliyaona matabaka ya miamba, yaliyokuwa mamoja hapo awali, yamekatwa: upande mmoja umebaki juu, mwingine umeteremka. Hakuna mto uliolichimba bonde hilo. Sakafu yake ilizama baina ya mipasuko iliyokabiliana. Kwa hiyo neno letu ufa, zuri lilivyo, laweza kumpotosha msomaji, kwa maana ufa wa ukutani ni mmoja, ilhali hapa ipo mipasuko mingi, mingine ikifuatana sambamba na mingine ikikutana na kukatana.

Kitabu chake kikatoka mwaka 1896. Alifundisha Melbourne, kisha Glasgow kuanzia 1904 hadi 1929. Mwaka 1919 alirudi Kenya, na mwaka 1921 akatoa kitabu cha pili.

Tarehe 6 Januari 1928 ardhi yenyewe ikatoa ushahidi. Tetemeko la Subukia, lenye ukubwa wa takriban 6.9, lilipasua ardhi kwa kilomita 38 hivi kando ya genge la Laikipia na Marmanet, na mahali pengine upande wa bonde ukashuka zaidi ya mita 2. Hata hivyo ubishi haukuisha. Mmarekani Bailey Willis alizuru Afrika Mashariki mwaka 1929, na katika kitabu chake cha 1936 akashikilia kwamba mabonde haya yalitokana na kubanwa kwa ardhi, si kuvutwa. Vipimo vya setilaiti vimempa Gregory haki: pande mbili za bonde zinaachana kwa milimita chache kila mwaka.

Jambo ambalo Gregory hakuwahi kulifahamu vyema ni jinsi mpasuko mmoja unavyouamsha mwingine. Mpasuko unapoteleza hupunguza mkazo wake wenyewe, lakini huulundika kwenye ncha zake na kwa majirani. Palipo na makutano, mtelezo huweza kuzuiwa, au kuhamia mpasuko wa pili uliokuwa karibu kuachia. Mfano ulionekana kaskazini mwa Tanzania mwaka 2007. Matetemeko yalianza katikati ya Julai karibu na mlima Gelai. Lile la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, liliwatoa watu wa Nairobi nje ya majengo marefu. Mpasuko ulikuwa umeteleza, na mwamba ulioyeyuka ukajipenyeza chini ya ardhi bila kutokeza juu. Tarehe 4 Septemba Oldoinyo Lengai, jirani yake, ukalipuka.

Gregory alikuwa na miaka 68 alipokwenda Peru mwaka 1932 kuchunguza volkeno na vitovu vya matetemeko katika milima ya Andes. Tarehe 2 Juni mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba, akafa maji.