Colin Chapman na uti wa mgongo wa gari

Juzi nilipeleka gari langu kuukuu kwa fundi wa kuchomelea. Chasisi imeliwa na kutu ya huku kwetu baharini, nami nikataka ibandikwe vyuma vizito kila mahali. Kisha nikamkumbuka Colin Chapman.

Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1928, akasomea uhandisi wa miundo London. Mwaka 1948 aliunda gari lake la kwanza kutokana na Austin 7 kuukuu, na mwaka 1952 akaanzisha kampuni ya Lotus. Alijua kwamba chasisi ikijipinda kwenye kona, springi hazifanyi kazi sawasawa. Lakini dawa yake haikuwa uzito. Mwaka 1962 alilipa gari la barabarani, Elan, uti wa mgongo wa bati la chuma lililokunjwa. Mwaka huohuo, Lotus 25 la mashindano likaundwa kwa bati za alumini, bila fremu ya mabomba. Mwaka uliofuata Jim Clark akawa bingwa wa dunia nalo.

Ila wepesi una gharama. Magari yake yalijulikana pia kwa kuvunjika, na Jochen Rindt alifia Monza mwaka 1970 akiendesha Lotus. Chapman mwenyewe alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 1982, akiwa na miaka 54.

Nimemwambia fundi aikwangue kutu yote kwanza, kisha atie chuma pale panapobeba mzigo tu. Hapo asibane matumizi. Wanaokaa kiti cha nyuma ni wanangu.